Mama Akidi wa Mwalukila

Sabina Kashindye aliingia kwenye uongozi kwa sababu ya jino.

Siku ya mkutano mkuu wa kijiji cha Mwalukila, nusu saa kwa baiskeli kutoka Kisesa, gego lake la kushoto lilikuwa limemvimbisha shavu hata akajifunga kitenge kuanzia kidevuni mpaka utosini. Alikwenda mkutanoni kwa kuwa alisikia mganga wa zahanati atakuwepo. Mganga hakutokea. Sabina akakaa mstari wa mbele, mkono shavuni, na kwa saa tatu hakusema neno.

Ajenda ya tano ilikuwa kuchagua wajumbe wa baraza la ardhi la kijiji. Wanaume wanne walipatikana upesi. Wanaume wanne wa namna hiyo hupatikana upesi kila mahali. Kazi ikawa wanawake, maana sheria ilitaka watatu. Jina la kwanza lilikataliwa kwa kuwa mwenyewe ana maneno mengi. La pili, kwa kuwa ana mume mkali. La tatu, kwa kuwa hana mume kabisa. Ndipo Mzee Masele Nkwabi, mfugaji mwenye ng'ombe themanini na sauti ya kutosha kuwaita wote kwa mpigo, ambaye alikwisha kupitishwa kuwa mwenyekiti wa baraza hilo, alipoinua fimbo yake na kumwelekezea Sabina.

"Mnamwona mama huyu? Tangu asubuhi hajatoa neno. Ametulia kama maji ya mtungini. Huyu ndiye mwanamke wa kufanya naye kazi!"

Watu wakapiga makofi. Sabina alijaribu kukataa, lakini kwa lile jino kilichotoka kilikuwa mguno tu, na Josephat, mtendaji wa kijiji, akaandika kwenye muhtasari: *Mteuliwa ameafiki.*

Wiki iliyofuata jino liling'olewa. Uvimbe ukashuka, ulimi ukarudi kazini. Baraza halikuarifiwa.

Wakati huo Sabina alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alilima viazi vitamu, akavikata na kuvianika vikawa michembe, akaviuza Kisesa. Mapacha wake, Kulwa na Doto, walikuwa watu wazima, mmoja Pasiansi na mwingine Geita, kwa hiyo kijijini alijulikana kama Mama Kulwa. Shule aliishia darasa la saba, lakini alikuwa na tabia moja ambayo mumewe Venant aliiona kama ugonjwa usio na dawa: alisoma kila kilichoandikwa. Alisoma mifuko ya saruji. Alisoma karatasi iliyofungia dawa ya ng'ombe, ile yenye maandishi madogo, mpaka mwisho. Alisoma mabango ya wagombea wa uchaguzi uliopita na akakumbuka waliyoahidi, jambo ambalo si ustaarabu.

Vikao vya baraza vilifanyika kila Alhamisi ya pili ya mwezi. Siku ya kwanza Sabina alivaa gauni lake la kanisani. Alipofika ofisi ya kijiji, Mzee Masele alimpokea mlangoni kwa furaha kubwa.

"Karibu, Mama Kulwa, karibu mjumbe! Mwenzako yuko kule nyuma. Mchele uko kwenye gunia, sato wako kwenye ndoo."

Nyuma ya ofisi kulikuwa na mafiga matatu na mwanamke mnene aliyekuwa akipuliza moto huku machozi yanamtoka. Huyo alikuwa Teodora, nesi mstaafu, mzaliwa wa Bukoba aliyeolewa Mwalukila zamani na ambaye alikuwa amepima uzito wa nusu ya watoto wa kijiji hicho, wakiwemo baadhi ya wale waliokuwa ndani wakiamua.

"Na wewe ni mjumbe?" Sabina aliuliza.

"Mimi ni mjumbe wa vitunguu," alijibu Teodora. "Wewe nadhani utakuwa wa wali."

Mjumbe wa tatu wa kike, Mama Perez, alihamia Musoma kwa mwanawe kabla ya kikao cha pili. Jina lake likabaki kwenye daftari la mahudhurio, na halikukosa kikao hata kimoja.

Ndivyo mambo yalivyokwenda kwa mwaka na nusu. Wanaume walikaa ndani wakasuluhisha migogoro ya mipaka, wanawake wakakaa nje wakasuluhisha samaki na mafuta. Saa saba mchana Josephat alitoka na daftari, Sabina na Teodora wakafuta mikono kwenye vitenge, wakasaini. Mara mbili walikuja wageni kutoka wilayani wakiwa na fomu. Fomu iliuliza: je, wanawake wamo? Josephat akaandika: ndiyo. Je, wanashiriki? Ndiyo, kikamilifu. Wageni wakapiga picha na wajumbe wote, wanawake wakiwekwa mbele, wakala wali, wakasifia sana sato, wakaondoka. Mwalukila ikatajwa kwenye taarifa kuwa kijiji cha mfano.

Sasa, pamoja na fomu, wageni hao waliacha boksi la vipeperushi kuhusu haki za wanawake katika ardhi. Vilikuwa vipeperushi vizuri, vya karatasi laini yenye rangi. Josephat, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa kutafuta matumizi ya haraka, alivipeleka jikoni kuwashia moto.

Vingi viliungua vizuri. Lakini huwezi kumpa Sabina karatasi yenye maandishi ukategemea aichome hivi hivi. Alhamisi moja alichuchumaa mbele ya mafiga, kiberiti mkono mmoja, kipeperushi mkono wa pili, akasoma. Akarudia. Kisha akakizima kiberiti kwa kukipuliza.

"Nesi, njoo usikie hiki. Baraza lina wajumbe saba, watatu wawe wanawake."

"Hilo tunalijua. Ndiyo maana tuko hapa tunanuka moshi."

"Subiri. Ili kikao kiwe halali, wawepo wajumbe wanne, na angalau wawili kati yao wawe wanawake. Hiyo ndiyo akidi." Sabina alihesabu kwa vidole, ingawa hesabu yenyewe ilihitaji vidole viwili tu. "Perez yuko Musoma. Nesi, tusipokuwepo sisi, wale mle ndani ni wazee wanne wanaopiga soga."

Teodora aliacha mwiko ndani ya sufuria. Alicheka mpaka akakaa chini.

Hawakufanya lolote siku hiyo. Sabina alikikunja kipeperushi akakiweka kifuani, akapika, akasaini. Kujua jambo ni kitu kimoja. Kulisema mbele ya Mzee Masele ni safari nyingine. Pengine asingelisema kabisa kama si shauri la Hellen.

Hellen alikuwa mjane wa Shimba, mkulima aliyefariki kwa homa mwaka uliotangulia na kuacha mabinti watatu na ekari tatu za shamba kando ya barabara ya lami. Ekari hizo zilikuwa za pamba na mihogo mpaka rafiki mmoja wa mheshimiwa diwani alipoamua kwamba zinafaa kwa kituo cha mafuta. Tangu siku hiyo Yeremia, mdogo wa marehemu, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kung'oa hata gugu moja humo, aligundua kwamba anaipenda sana mila. Mila, alisema, inataka ardhi ya ukoo irudi kwa ukoo, na mwanamke ni mgeni.

Shauri lilisikilizwa Alhamisi ya mwezi wa nne. Sabina alikuwa nje, chini ya dirisha, akigeuza sato. Alisikia kila neno. Alimsikia Yeremia akiongea kwa nusu saa. Alimsikia Mzee Masele akisema jambo liko wazi. Hakumsikia Hellen, kwa sababu Hellen alikuwa ameambiwa asubiri kwenye kivuli cha choo mpaka aitwe, na hakuitwa.

Saa saba Josephat akatoka na daftari pamoja na karatasi iliyoandikwa juu yake Hati ya Usuluhishi.

"Mama Kulwa, poleni na moto. Saini hapa, na hapa."

Sabina aliichukua hati, akaisoma. Ilisema mjane amekubali kwa moyo mkunjufu kumwachia shemeji yake shamba.

"Josephat mwanangu, mimi leo sikuhudhuria kikao."

"Si uko hapa, mama?"

"Niko jikoni. Kikao kiko ndani."

Josephat alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, kwa sababu Teodora naye alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Akarudi ndani. Dakika haikupita, Mzee Masele akajitokeza mlangoni na fimbo yake.

"Kuna nini huku?"

"Shikamoo, mzee," Sabina alisema. Akakitoa kipeperushi kifuani, akasoma yale maneno ya akidi yote, mpaka kwenye nukta.

"Akidi ipo!" alifoka Masele. "Ndani tuko wanne."

"Wanaume wanne," alisema Teodora. "Hata mngekuwa arobaini, baba, hamtoshi."

"Kwa hiyo baraza zima linawategemea ninyi wawili?"

"Sisi hatukuandika, mzee. Imeandika serikali."

Hapo Masele alinaswa, maana alikuwa mtu wa serikali tangu ujana wake na hakuwahi kuipinga hadharani. Alipumua kwa nguvu. "Basi ingieni! Ingieni tumalize!"

Wakaingia, na tatizo jingine likajitokeza: hapakuwa na viti vyao. Baraza lilikuwa na mwaka na nusu na hakuna aliyewahi kuvihitaji. Josephat akaleta ndoo mbili, akazipindua. Sabina akaketi kwenye ndoo ya samaki na kuomba shauri lianze upya.

"Upya?" Yeremia alilalamika. "Nimeshasema yote!"

"Mimi sikuwepo," Sabina alisema. "Na mwenye shamba naye hakuwepo."

Hellen akaitwa. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, na alisimama mbele yao akiwa ameshika jembe, kwa kuwa alikuwa ametoka shambani moja kwa moja na hakuambiwa aliache wapi. Yeremia alieleza tena kuhusu mila na kuhusu mgeni wa ukoo.

"Mgeni wa miaka ishirini na sita, shemeji?" Hellen aliuliza. "Mgeni gani huyo analima siku zote hizo bila kukaribishwa chai?"

Sabina akainua ile hati. "Hapa imeandikwa umekubali kuliacha shamba kwa moyo mkunjufu. Umekubali?"

"Kukubali kuliacha? Nani ameniuliza?"

Josephat alitafuta kitu muhimu sana ndani ya mfuko wake wa shati. Ndipo harufu ikapenya dirishani.

"Samaki wanaungua," alisema mjumbe mmoja.

Wanaume wote wakawatazama Sabina na Teodora.

"Tuko kikaoni," alisema Teodora.

Wakatazamana wao kwa wao. Kila mmoja alimngoja mwenzake ainuke, na kuinuka kungekuwa kukiri jambo fulani. Hivyo sato wanane wakubwa waliteketea mbele ya wanaume sita wenye miguu mizima, moshi ukaingia ndani, macho yakawasha, na Mzee Masele akaahirisha kikao kwa sababu ambazo Josephat aliziandika kuwa ni za kiufundi.

Jioni hiyo kijiji kizima kilikuwa kimemwita Sabina jina jipya: Mama Akidi. Wengine walilitamka kwa heshima, lakini kwenye kilabu cha pombe lilikuwa la dhihaka, na kule ndiko Venant alikolisikia. Walimwita Bwana Akidi. Walimuuliza kama sasa halali nyumbani mpaka wanawake wawili watimie.

Kesho yake alimkuta mkewe uani akikata viazi.

"Mke wangu, saini tu hiyo karatasi. Shamba si letu, mjane si ndugu yetu. Masele anaweza kutufungia njia ya ng'ombe."

Sabina aliendelea kukata. "Baba Kulwa, wewe una wadogo wangapi wa kiume?"

"Unajua. Wanne."

"Basi ukitangulia wewe, mimi nitakuwa mgeni wa wanne."

Venant alimfikiria mdogo wake wa kwanza, ambaye aliwahi kuuza baiskeli ya kuazima. Akamfikiria wa pili. Hakufika hata kwa wa tatu. Alikaa chini, akachukua kisu kingine, akaanza kukata viazi, jambo ambalo alilifanya vibaya sana, vipande vinene kama matofali, na Sabina hakumsahihisha.

Masele hakulala usingizi juu ya jambo hilo. Mwezi wa sita aliitisha mkutano mkuu kupitia mwenyekiti wa kijiji, na akamwalika mheshimiwa diwani aje kutia nguvu. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Kura za maoni za chama zilikuwa wiki chache mbele, na diwani alikuwa anahudhuria hata ubatizo. Alikuja na gari, kipaza sauti, na hotuba aliyoandikiwa kuhusu umuhimu wa kuheshimu mila.

Kitu ambacho hakuna aliyemwambia ni kwamba Nesi Teodora alikuwa amezunguka kijiji kwa wiki mbili, nyumba kwa nyumba, kama siku za chanjo. Hakuhubiri. Aliwauliza wanawake swali moja tu: mumeo ana ndugu wangapi? Siku ya mkutano upande wa wanawake ulijaa mpaka wakakaa kwenye nyasi, mpaka barabarani.

Mzee Masele alisimama. Yeye, kama wengi wa kwetu, l na r zilimpa shida, na zilimpa shida zaidi akiwa na hasira.

"Wanakijiji! Hapa Mwalukila usawa tumeuheshimu sana. Mwanamke ana haki ya kula!"

"Tena huwa tunapika sisi!" sauti ilijibu kutoka kwenye nyasi, na kicheko kikavuka uwanja.

"Haki ya kupiga kula!" alirudia Masele, jasho likimtoka. "Lakini hawa wawili wamelidharau baraza. Napendekeza tuwabadilishe. Kwa usawa huo huo tuweke wanawake wengine. Nampendekeza dada yangu, na nampendekeza mke wangu, Kabula."

Kabula alikuwa ameketi katikati ya wanawake wenzake. Aliinuka polepole. Alikuwa ameishi na Masele miaka thelathini na minne, na watu wengi walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake.

"Mzee, nikiwa mjumbe nitasema ninachokiona mimi?"

"Utasema tutakachokuwa tumekubaliana nyumbani!" alijibu Masele, bila kuona shimo lilipo.

"Basi mchagueni yeye mara mbili," alisema Kabula. "Mtakuwa mmeokoa kiti." Akaketi.

Sabina, aliyekuwa amekuja akiwa tayari kutukanwa na hata kufukuzwa, aliangalia chini ili asionekane anacheka. Alipoinua macho alimwona diwani. Diwani alikuwa hacheki. Alikuwa akitazama upande wa wanawake, kisha upande wa wanaume, kisha tena upande wa wanawake, midomo ikitembea. Sabina, mtu wa sokoni, alijua mtu anayehesabu akimwona.

Diwani akasimama, akaikunja ile hotuba, akaitia mfukoni.

"Ndugu zangu," alisema, "nimekuja hapa nikiwa na uchungu mkubwa. Uchungu kuhusu wajane!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Yeremia alisimama nusu, mdomo wazi. Kwa dakika arobaini diwani aliwatetea wajane kwa machozi. Alisema ardhi ya mjane ni ya mjane. Alisema yeye mwenyewe alilelewa na mama. Rafiki yake wa kituo cha mafuta, aliyekuwa ameketi ndani ya gari, alipandisha kioo taratibu. Mikono ilipohesabiwa, Sabina na Teodora walibaki wajumbe, na nafasi ya Perez akapewa Kabula, kwa shangwe, mumewe akiwa ameshika fimbo yake kama mtu aliyesahau inatumika kwa nini.

Usifikiri Sabina alirudi nyumbani akiruka. Alifurahi kwa ajili ya Hellen, ndiyo, aliyelia mpaka akabebwa. Lakini njiani alimwambia Teodora, "Nesi, tulikuwa na haki mwezi wa nne, na mwezi wa sita ni ile ile. Yule baba kilichombadilisha ni idadi yetu kwenye nyasi."

"Basi tusipungue," alisema Teodora.

Diwani alipita kwenye kura za maoni. Mabango yake yalimtaja kuwa Mtetezi wa Wajane, na juu yake kulikuwa na picha akiwa amemshika Hellen bega. Taarifa ya wilaya iliandika kwamba mafanikio ya Mwalukila yametokana na uongozi shirikishi. Sabina alipewa cheti. Kiliandikwa Sabrina Kashinje, na mstari wa chini ulimshukuru kwa mchango wake katika maandalizi ya chakula. Alikisoma chote, kama kawaida yake.

Hata hivyo baraza lilibadilika kwa namna moja ambayo hakuna taarifa iliyoiandika. Kwa kuwa hakukuwa tena na wa kupika, vikao vilivyokuwa vikichukua saa tano vikaanza kumalizika kwa saa moja na nusu, kila mtu akaenda kula kwake. Shauri la Hellen lilimalizwa la kwanza, akabaki na shamba lake, na migogoro ya mipaka iliyodumu miaka ikaisha. Mzee Masele, akiwa na njaa, aligeuka kuwa mwenyekiti hodari.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa Sabina alikuwa akianika michembe juu ya mkeka alipomwona Yeremia anaingia uani. Hawakuwa wamesalimiana tangu siku ya ule mkutano. Alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

Walikuwa karibu umri mmoja. Hiyo shikamoo haikuwa yake. Sabina aliipokea polepole. "Marahaba, Yeremia. Kaa."

Hakukaa. Alieleza akiwa amesimama, maneno yakimtoka kwa shida. Binti yake mkubwa aliolewa Misungwi. Mumewe alikufa kwa ajali ya pikipiki miezi miwili iliyopita. Sasa mashemeji wamemfungia nyumba kwa kufuli, wamechukua na shamba. Wanasema ni mila.

Sabina angeweza kusema mengi. Ulimi wake ulikuwa nayo tayari, yamepangwa, na mengine yalikuwa matamu. Alimtazama Yeremia mikono, jinsi alivyokuwa akiizungusha ile kofia.

"Binti ana watoto?" aliuliza.

"Wawili."

"Wa kike?"

Yeremia alitazama ardhi. "Wote."

Sabina alifunika michembe kwa chandarua ili kuku wasiifikie, akaingia ndani kubadilisha kitenge, akatoka na viatu vya safari mkononi.

"Kwenda Misungwi tupite njia ya Usagara," alisema. "Kwanza tumpitie Nesi."